Mahadhi ya kasida ya Salim

Mjini Ibra, usiku wa kuamkia Ijumaa

Yananizunguka kichwani hata ndani ya sala ya Isha, Mungu anisamehe.

Mjukuu wangu Maryam hutafuta watunzi waliosahauliwa wa muziki wa sinema za kale za Kimarekani. Leo simu yake imetoa mahadhi yale yale ya kasida ya marehemu ndugu yangu Salim. Sote twaamini aliyatunga mwenyewe Unguja, na kila arusi kasida hiyo husomwa kwa jina lake.

"Babu, mtunzi ni huyu. Hata kwenye filamu hawakumwandika, ndiyo kwanza ametambuliwa."

Maneno ni ya Salim, sina shaka. Lakini mahadhi... Salim alikuwa hakosi sinema.

Nikampigia simu Nassor, mwanawe, atakayeisoma kesho arusini.

"Ami, usimvunjie baba yangu heshima mbele za watu. Nani atajua?"

Yule mtunzi wa sinema alidhulumiwa na watu wake, nasi tukamdhulumu tena bila ya kujua. Sasa najua.

Kesho nitamtaka Nassor amtaje mtunzi huyo kabla ya kusoma. Akikataa, nitasimama niseme mwenyewe. Naogopa. Baada ya Salim kufariki, mimi ndiye niliyemlea Nassor.