Shingo ya Gitaa la Kwaya

Shajara ya Daudi, Jumamosi usiku

Na siwezi hata kumlaumu mama. Alilitundika gitaa la kwaya jikoni, juu ya moto, pale tunapokaushia mahindi ya mbegu, ili baridi isiliharibu. Sasa shingo imepinda, nyuzi zimekaa juu mno, vidole vinaniuma.

Leo nimekaza kwa spana chuma cha ndani ya shingo, kile kinachoinyoosha, kidogo kidogo. Nyuzi zikashuka. Nikafurahi, nikaongeza kidogo tena. Ndani ya shingo kukasikika ko!

Sioni ufa. Lakini nimelegeza nyuzi zote na naogopa kuzikaza. Kesho ibadani tunaimba, na kama shingo ikikatika mbele ya watu…

Mama akauliza, "Limepona?"

"Limepona, mama."

Akafurahi, akalirudisha palepale juu ya moto.