Chungu cha Bibi

Shangazi Isabela,

Shikamoo. Nakusihi, barua hii usimsomee mtu. Baba anajua nilikwenda semina, kumbe nilikuwa kambini Newala, nikiwapikia watalii wanaotembea bondeni kwa miguu.

Siku ya pili mchele uliloa mvua ukaharibika. Kwa hofu nikachimba ming'oko, vile viazi vya porini, kama alivyonifundisha Bibi, nikaichemsha kwa chumvi, na pembeni kisamvu cha korosho. Walikula wakaomba waongezewe. Gerson, kiongozi wao, akasema, “Dada karani, ofisini unafuata nini? Njoo utupikie kila safari.”

Shangazi, nataka kwenda, ila naogopa kumwambia Baba aliyenihangaikia ukarani. Zungumza naye wewe, dada yake. Usinipigie ofisini. Jibu mwachie Scholastika, muuza vitumbua stendi ya Newala. Baba akikubali, mpe Scholastika na chungu cha Bibi, nikipikie safarini.

Mwanao,
Glory