Kiti cha Kogo

Jenerali wangu,

Uko aje? Mama je, goti bado linamsumbua asubuhi? Na hiyo baridi ya Ol Kalou imewaachia viazi kweli? Mimi niko mzima, mtaa wetu wa Langas uko tu, matope mpaka kwa mlango. Ningekupigia simu lakini wewe hukatiza watu, kwa hivyo leo utanisoma mpaka mwisho.

Ile voice note yako niliizima katikati, nikakasirika mbaya. Ati mmemwandikia Mama kijana wa kazi ya shamba, jembe la Mama umelifungia stoo, sasa kazi yake ni kuota jua akiletewa chai. Na vile ulikuwa na furaha! Hebu sikia ya hapa.

Mwenye plot ninapopanga nyumba ni mama mzee, sote tunamwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Aliteleza akichota maji, akavunjika mkono. Hospitali wakampima, wakasema mifupa yake imekuwa nyepesi. Wakampa dawa, wakamwonyesha na mazoezi ya kutia miguu nguvu, ndio asianguke tena. Si unanijua, mimi ni wa kuuza viatu vya mtumba, lakini hayo mambo nilikuwa nimeyasoma kwa simu kitambo. Nikawa mwalimu wake. Kuinuka kwa kiti bila kushika kitu. Kusimama kwa vidole akishikilia meza. Kuinua pakiti ya unga. Alikuwa ananicheka, anasema unga ni ya kupika, si ya kusalimia dari. Lakini mkono ulipona, akaanza kwenda kanisa bila kushikwa, akaanika nguo zake mwenyewe.

Halafu Kibet, kijana yake, akaja kutoka shamba lake Ainabkoi, akapata mamake ameinua unga juu ya kichwa. Akaniuliza kama nataka majirani waseme ameshindwa kumlisha mpaka anafanya vibarua. Hakunitusi, alikuwa karibu kulia. Wiki hiyo akaleta sofa kubwa laini, na msichana wa kazi. Kogo asishike hata kikombe. Daktari alisema mama asianguke, Kibet amehakikisha hata hasimami.

Sasa kumtoa kwa hiyo sofa lazima tumvute watu wawili. Kanisa haendi, wanakuja kumwombea hapo hapo. Jana msichana akiwa nje, Kogo akanishika mkono.

"Hiki kiti kinanimeza. Kibet akirudi shamba Jumatatu, kuja na unga yako. Na usimwambie."

Nimeshindwa, Jenerali. Nikienda na aanguke, nimeua mama ya watu na nyumba nimepoteza. Nikikataa, ataisha pale pale akipendwa. Kibet nimejaribu kumwelezea. Akaniambia, "Utaelewa ukiwa na mama mzee."

Ninaye. Na jembe lake umelifungia wewe.

Nisalimie mjomba wa posho mill, na shemeji, yule anayekushinda kupika. Mama mwambie viatu vyake vya raba nimeshavipata, na ni vya kutembea, si vya kuotea jua.

Jumatatu hiyo inakuja. Usinijibu haraka. Kwanza muulize Mama kama ni yeye aliomba kukaa, halafu uniambie: ungekuwa mimi, ungefanya nini?

Mdogo wako asiyetulia,
Wanja