Picha ya Mtandao Wetu

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za ugenini? Sisi wazima, ila magoti ya mama yanamsumbua. Hayamzuii kuzunguka kwa majirani akiwatambia kwamba mwanawe ni mhandisi.

Nina shida. Ule mtandao tulioanzisha wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, kompyuta ya huyu ikiipasia ya yule bila mashine kuu ya bosi yeyote, umevimba. Tulipokuwa mtaa mmoja, ujumbe ulifika kufumba na kufumbua. Sasa mji mzima umeingia, na mashine zinaulizana "nani anao, nani anao?" mpaka zinakwama. Sijui hata pa kushika. Nisaidie.

Dada yako

19 Machi

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, kazi tu imenibana. Nakutumia programu ndogo ya kampuni yetu. Iwekeni kwenye kila mashine. Itauliza majirani wachache badala ya kupigia kelele mji mzima, kisha itatoa taarifa: nani kampa nani, saa ngapi, wapi pamejaa. Wewe utaona mtandao mzima kwenye picha moja. Usihofu, haisomi ujumbe wa mtu. Msalimie shemeji.

Mdogo wako

2 Mei

Marahaba, mdogo wangu. Mama anakuombea, na mimi pia.

Mambo yanateleza! Shemeji yako alikataa katakata. "Cha bure kutoka kampuni? Mimi simo." Nikamwambia aliyetuma ni damu yangu. Akaguna, akaiweka. Sasa kamati yao ya wafanyakazi inapanga mgomo humohumo, na ujumbe unafika kila nyumba.

Dada yako

30 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Hapa hatujambo kwa jina tu. Shemeji yako na kamati nzima wamefukuzwa kabla mgomo haujaanza. Meneja aliwatandazia picha mezani, ileile ninayoitazama mimi, mishale yote ikitokea nyumbani kwetu. "Mambo yalianzia hapa," akasema. Imemfikiaje?

Dada yako

11 Julai

Dada, shikamoo. Poleni sana.

Kampuni huweka nakala ya taarifa zote. Hilo limo kwenye masharti ya programu. Kiwanda chenu ni mteja wetu. Lakini kumbuka, hakuna aliyesoma maneno yenu. Nimeuliza kazini, nikaambiwa nisijitafutie makubwa. Nimepandishwa cheo juzi tu, dada. Nielewe.

Mdogo wako

25 Agosti

Mdogo wangu,

Mama hajambo.

Hawakuhitaji kusoma. Ukijua nani humtumia nani, na nani huanza, maneno ya nini tena?

Tumeing'oa programu yako. Watu wengi wamejitoa, na waliobaki wanaandikiana habari za mvua. Shemeji yako anashinda ameketi chumbani na viatu vya kazi miguuni. Hajanilaumu hata mara moja. Angenitukana ningepumua.

Mama anadhani kiwanda kimepunguza watu tu. Jana alinambia nikuombe umtafutie mkwewe kazi hukohuko kwenu, "maana mwanangu ni mkubwa sasa." Mjibu wewe.

Dada yako