Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Wimbo wa "Mlango wa Mjane", Kituo cha Majani Chai, Boito

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025, saa nane mchana
Mahali: Banda la kupimia majani

Waliohudhuria: Bw. Isaiah Kipkemboi (Mwenyekiti), Bi. Monicah Ayoo (Katibu), Bi. Fancy Chepkorir, Bw. Nicholas Onyiego
Mwalikwa: Kipkurui, mwimbaji
Aliyekosa kwa udhuru: Bw. Makori (anamuuguza mamake hospitalini Longisa)

KUMB. NA. 1/6/2025: MALALAMIKO
Bi. Fancy alieleza kwamba tangu wimbo huo uanze kupigwa hapa kituoni, watoto wanamwimbia binti yake shuleni. Binti hajaenda shule tangu Jumatatu. Alikumbusha kikao kwamba mjane anayeleta majani hapa ni mmoja tu, yeye.

KUMB. NA. 2/6/2025: MAANA YA WIMBO
Bw. Onyiego alisema haelewi Kikipsigis, lugha ya wimbo huo. "Mimi nimekuwa nikicheza hiyo wimbo nikijua inasifu chai." Aliomba atafsiriwe.

Mwenyekiti alitafsiri: "Mlango wa mjane haufungwi, kila mtu aje na kikapu chake." Alifafanua kwamba ni sifa ya ukarimu.

Bi. Fancy alisema, "Mwenyekiti, hata wewe unajua si chai wanaendea."

Bw. Onyiego aliuliza kama basi amekuwa akicheza matusi. Katibu aliuliza aandike nini. Mwenyekiti alisema yaandikwe "maneno yasiyofaa". Bi. Fancy alitaka yaandikwe yalivyo, kwa kuwa mtoto wake anaimbiwa yalivyo. Yameandikwa.

KUMB. NA. 3/6/2025: MAELEZO YA MWIMBAJI
Kipkurui alisema hakumlenga mtu. Wimbo unapendwa, na akina mama ndio wanaoucheza zaidi. Bi. Fancy alikiri kwamba naye aliucheza harusini kabla ya kusikiliza maneno vizuri, na hajui ajikasirikie vipi.

Alipoulizwa alikotoa maneno hayo, Kipkurui alijibu, "Ni hapa tu kwa banda. Wazee walikuwa wanangoja lori, wakasema, wakacheka. Mimi niliweka tu gitaa." Alipoulizwa ni mzee gani, alimtazama Mwenyekiti, kisha akatazama chini.

KUMB. NA. 4/6/2025: UAMUZI
Bw. Onyiego alipendekeza wimbo usipigwe tena kituoni. Bi. Fancy alisema hilo halimsaidii, kwani wimbo uko kwa kila simu. "Mimi nataka aliyesema aje aseme mbele ya mtoto wangu."



Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba yeye siku hiyo alicheka tu, hakusema. Baadaye kidogo alimwomba Katibu afute neno "hakusema". Katibu aliuliza aweke nini mahali pake. Mwenyekiti alisema asiweke kitu, ila aandike kwamba kesho baada ya kanisa atafika kwa Bi. Fancy, na Kipkurui ataandamana naye.

Bi. Fancy alisema mlango utakuwa umefungwa. Wabishe.

Lori la majani liliwasili saa kumi kasorobo, na wajumbe wakatawanyika bila maombi.

Mwenyekiti: I. Kipkemboi (sahihi)
Katibu: M. Ayoo (sahihi)