Kibuyu Kimoja na Asante

La Teja,
Montevideo.
12 Juni 2019.

Mdogo wangu mpendwa Ademar,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya huku. Hujambo? Wifi Gunvor mgongo umempa nafuu? Sisi tupo tu. Mvua haijakatika tangu Jumatatu, nguo hazikauki, kifua kinanibana kila asubuhi, lakini kazi za nyumba nazimudu. Baba nitamfikia.

Barua yako niliipata. Unasema mwezi wa saba una siku tatu tu, basi nikuchagulie: Buenos Aires au Montevideo? Umeuliza kama mtalii, Ademar. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kuosha vyombo. Kwenye simu ningelia, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kugawa siku, hapana. Uligawa mwaka 2014, na kote ulikaa koti likiwa mwilini. Tena mwezi wa saba upepo ukichafuka meli hazivuki mto ulio kati ya miji hii miwili, utakwama bandarini siku zako ziishe. Chagua mji mmoja.

Nianze na mji wa wenzetu, Buenos Aires, ingawa kuusifu kunaniuma. Shangazi Zulema bado yuko palepale Boedo, ghorofa ya tatu. Nyonga imevunjika lakini ulimi mzima. Ndiye aliyekupokea ukiwa na miaka tisa, mama alipofariki, akakulea mpaka ukaota ndevu. Atakujua kwa hatua zako tu kwenye ngazi. Nilipompigia simu Jumamosi alinirukia.

"Wee Nélida, usimvute mtoto wangu huko kwenu! Montevideo mtu akipiga chafya mchana anaamsha mji mzima."

"Na nyinyi, Shangazi, mnapiga kelele hata msibani."

"Angalau tunajua tuko hai, bibi wewe!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha sauti ikashuka. "Aje kwangu mzima, au aende kwa baba yake mzima. Mabaki sitaki."

Kwa Baba hutapata kicheko. Kuna siku ananiita kwa jina la mama. Anakaa jikoni karibu na dirisha, nami namimina maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba, haya majani yetu machungu tunayokunywa kama chai kwa zamu, kwa sababu mikono yake inatetemeka siku hizi. Ananyonya mrija mpaka ulie, ananirudishia, anangoja kingine. Huwa anakunywa kumi, kumi na viwili. Mengine yote yanamtoka, hilo halijamtoka.

Sasa nikwambie jambo nililolificha miaka mitano.

Unaegemea Buenos Aires kwa sababu unaamini Baba hakutaki. Unaamini alikuvusha mto ukiwa mdogo ili akuondoe machoni. Mwaka 2014 ukaona umepata ushahidi: siku ya kwanza alikupa kibuyu kimoja, na baada ya hapo kikawa kinatoka kwake kuja kwangu, kwangu kurudi kwake, wewe katikati unatazama meza. Kwenye uwanja wa ndege uliniambia, "Hata majani ananinyima." Nilikuona ukijifuta macho kwa skafu.

Ademar, ulisema asante! Ulikunywa cha kwanza, ukamrudishia, ukasema, "Asante, Baba." Huko unakoishi Malmö mnashukuru hata mkifunguliwa mlango. Hapa mtoto wa miaka sita anajua kwamba ukirudisha kibuyu na asante, umesema basi, nimetosheka, usinipe tena. Mzee akasikia mwanawe, aliyevuka dunia nzima, ametosheka naye kwa kibuyu kimoja. Mtu mwingine angeyasahau kesho yake, lakini yeye unamjua. Ulipotoka nje aliniambia, "Amekuwa mgeni huyu. Tusimsumbue."

Nilielewa palepale, na nikanyamaza. Nilikuwa na hasira nawe, kwa kuwa wewe ulikwenda na mimi nikabaki. Neno moja lingewapatanisha, nikalimeza. Nisamehe ukiweza.

Sikuandikii haya ili nikuvute. Huenda Baba asikujue kabisa. Huenda ukakaa siku tatu mbele ya mzee anayekuita fundi bomba. Shangazi atakukumbatia, na huku nakuahidi kiti na mvua. Ukienda Boedo sitanuna. Zulema anastahili, na mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kulalamika.

Ila Jumapili nilimpa Baba kibuyu cha kwanza kama kawaida. Akanyonya taratibu, akanirudishia, akanitazama vizuri, kama zamani.

"Asante, binti yangu."

Nikadhani amejisahau. Nikammiminia kingine, akakisukuma kwa kidole. Leo ni Jumatano, na kila siku imekuwa hivyo: kimoja, na asante, yeye aliyezoea kumi na viwili. Naona kama anaaga.

Binamu Walkiria anakusalimu na anasema umwandikie. Nisalimie Gunvor, umbusu Sixten kwa niaba ya shangazi yake asiyemjua. Mungu akulinde njiani na akufikishe salama ng'ambo yoyote utakayoichagua.

Maji nayachemsha kila siku saa kumi. Ukija, ukapewa kibuyu, kunywa, kirudishe, na unyamaze.

Dada yako akupendaye na aliyechelewa kusema,
Nélida