Vitumbua Kabla ya Moto

Likasi, Kikula, 26 Februari 1962

Yaya yangu mpendwa, dada yangu Henriette,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji Symphorien na watoto. Mmeamkaje huko Kolwezi? Kifua cha mdogo kimepona? Sisi huku tu wazima. Mguu wa baba unamsumbua mvua ikinyesha, lakini ukimwambia apumzike anajibu kwamba mguu ni wake na wanajuana tangu zamani. Mama naye hajambo, tena amenenepa kidogo, jambo linalomtia haya mbele ya majirani katika mwaka kama huu. Ikichelewa barua hii usinilaumu. Posta inafungua siku inazopenda, kwa hiyo nitampa mtu wa treni.

Najua unangoja kusikia kama moto wa jiko letu umeonyeshwa kwa mchumba wangu au umeahirishwa tena. Umeonyeshwa jana, yaya, na leo bado mbavu zinaniuma kwa kucheka. Lakini vumilia nianze nyuma, maana nikianza na jana hutaelewa kitu.

Tangu nchi igawanyike, unajua jinsi maduka yalivyo. Sukari inakuja kama mgeni, inalala usiku mmoja na kuondoka. Kazini kwa baba siku zimepunguzwa, na posho vilevile. Mama hakulia. Alianza kutengeneza. Sabuni tunapika wenyewe kwa mawese yaliyobaki na maji ya majivu ya maganda ya ndizi; ni nyeusi, ina harufu ya moshi, lakini shati la baba linatakata. Chumvi ya mboga tunachuja katika majivu ya matete, kama bibi alivyofanya. Mimi nikitoka shule kufundisha wadogo, nafumua magunia ya unga na kuyashona foronya na vitambaa vya meza. Uzi wa kutarizi nimeutoa katika sweta yangu ya zamani ya kwa masista, ile nyekundu. Namna hii nimetengeneza karibu zawadi zote za wakwe, na nikuambie kweli, sijawahi kufurahia kazi ya mikono kiasi hiki. Kichwa changu, unakijua, hakitulii. Ila sindano inakituliza.

Halafu mama akaanza vitumbua. Ndizi zikishaiva mpaka kuwa nyeusi wachuuzi wanaziuza kwa bei ya kutupa. Mama anaziponda kwa mkono, anachanganya na unga wa mahindi, anatia munkoyo kidogo, kile kinywaji chetu cha mahindi, ili unga uchachuke, na kabla jua halijatoka anakaanga. Sukari haimo kabisa, ndizi yenyewe ndiyo sukari. Kisha anakwenda kukaa juu ya kasha kando ya njia wanayopita watu wa gare, wafanyakazi wa treni. Siku ya kwanza alijifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi ili asijulikane. Baada ya wiki mbili alikuwa anaita wateja kwa sauti kuliko wenzake wote.

Jioni, tukichambua majani ya sombe, alikuwa akinisimulia habari za mteja wake mmoja. Hakunitajia jina. Alisema ni kijana mrefu, mkono wa shati lake umeungua kwa cheche, na kila asubuhi ana neno jipya. Siku moja alisema vitumbua hivi vina dawa, kwa sababu miguu yake inakuja pale hata akiiamuru iende kazini. Siku nyingine wanajeshi walitaka kubeba sinia bila kulipa, na yeye akawaambia taratibu kwamba wamwache mama yake, huyu mama anauma. Wanajeshi wakacheka, wakalipa. Mama akimpa kitumbua cha matabishi, cha bure juu ya vile alivyonunua, kijana anakifunga kando katika jani, anakwenda nacho mpaka kwa mzee Ambroise, mlinzi wa bohari, anampa, anaendelea na njia. Mama alisema kijana anafikiri haonekani.

Nilicheka, yaya. Kisha nikaanza kungoja jioni.

Na Adrien je? Adrien alikuja kila Jumapili baada ya misa, akakaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba kiti ni cha moto, akatazama viatu vyake na kumjibu baba "ndiyo, baba" na "hapana, baba". Mama alikuwa anakimbilia jikoni kama mkwe anavyopaswa, na Adrien, kwa heshima, hakuinua macho. Nadhani alimfahamu mama kwa pindo la kitenge tu. Kwangu alisema bonjour akifika na au revoir akiondoka. Nilikuwa nimekubali posa kwa sababu ukoo wake ni wa watu wema, baba anawapenda, na mimi sikuwa na sababu ya kukataa. Lakini usiku nilijiuliza kama kukosa sababu ya kukataa ni sawa na kuwa na sababu ya kukubali. Sikuthubutu kumwuliza mtu.

Mwezi uliopita shangazi yake, Mama Émérence, yule mwenye sauti ya kengele, alikuja kusema tungoje vita viishe na maduka yajae. Kuonyesha moto kwa vyungu vitupu, alisema, ni kumtukana mume kabla hajaoa. Mama alijibu kwa mdomo wa baba kwamba moto hauuzwi dukani, na siku ikawekwa.

Wiki nzima tulipika. Shangazi wa Kambove, aliyepaswa kufunua vyungu, alirudishwa kwenye kizuizi cha barabara. Basi mama akamwomba jirani yetu Mama Kibibi, ambaye ni Mwislamu, kwao ni Kasongo, na ulimi wake unafungua hata mlango wa chuma. Ilibidi tumfundishe desturi. Tulimweleza kwamba mchumba haruhusiwi kula chochote kutoka mkono wa mama mkwe mpaka siku hii. Kwamba siku ya moto anaonyeshwa vyakula vyote vya nyumba yetu, kimoja kimoja, anaonja, na kuanzia hapo anaweza kula kwetu. Lakini uso wa mama mkwe bado haangalii. Mama Kibibi aliuliza kama mtu anaweza kuoa katika ukoo ambao hajui kama wanatia chumvi. Tukamwambia ndiyo maana ya siku yenyewe.

Jana wakaja. Adrien katikati, shangazi kuume, marafiki wa gare nyuma. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mahali ambapo wewe ulikaa siku yako. Kwanza zilitolewa zawadi. Mama Émérence aliinua foronya juu kwenye mwanga, na yaya, pamoja na maua yangu yote mekundu, maandishi ya kinu cha unga yalikuwa bado yanasomeka. Akasoma kwa sauti: kilo hamsini. Akauliza kama mtoto wake atalala juu ya mto au atabebeshwa. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama Kibibi akamjibu kwamba huo ndio uzito wa mke mwenyewe, wameandikiwa mapema wasije kulalamika.

Kisha vyungu. Bukari, ugali wetu wa mahindi na muhogo. Sombe yenye karanga. Uyoga. Kikanda cha karanga na mizizi ya porini, ambacho mimi nilikitwanga mpaka viganja vikaota malengelenge. Kuku mzima, na firigisi yake mahali pake. Adrien alionja kila kimoja, akaitikia kwa kichwa, macho chini. Nilimtazama kupitia tundu la pazia na moyo wangu ulikuwa kama jiwe. Sasa nakuambia jambo ambalo hata padri hajalisikia: nilikuwa nimeamua kwamba wakimaliza kula, nitamwita baba pembeni na kumwambia sitaki. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimepanga hata kuja kwako Kolwezi kujificha.

Ndipo Mama Kibibi akatoa sahani ambayo haikuwa katika mpango. Kwao mgeni haondoki bila kitu kitamu, na jikoni alikuta vitumbua ambavyo mama aliwawekea watoto wa jirani. Akavifunika vizuri kwa kitambaa, akavileta, akavisifu. Adrien akachukua kimoja, akauma, akaacha kutafuna.

Sote tulidhani amejiuma ulimi. Akauma tena, polepole, kama mtu anayetafuta jina la mtu. Halafu akasahau desturi, akasahau wakubwa, akainua kichwa na kutazama moja kwa moja mlango wa jikoni. Mama alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi. Adrien akapiga kelele, "Mama wa Vitumbua!"

Mama akafunga mlango kwa kishindo. Mama Émérence akasimama. Alimwuliza Adrien alivijua wapi vitumbua hivi, naye, maskini, hajui kudanganya, akasema anavila kila asubuhi. Shangazi akapiga makofi mara moja, akatangaza kwamba mambo yamekwisha: "Mutoto amekula mbele ya kuonyeshwa moto! Ndoa gani tena?" Akaanza kukusanya kanga yake. Baba alisimama, akakaa, akasimama tena. Na mimi, ambaye nilikuwa natafuta njia ya kutoka, nilishika pazia mpaka likakatika ndoano mbili, maana nilikuwa nimeelewa ni nani aliyekuwa amekaa pale, na mkono wa shati lake la kazini ukoje.

Kutoka jikoni, nyuma ya mlango, ikasikika sauti ya mama ikiuambia ukuta, kwa kuwa hawezi kusema na mkwe. "Ku soko miye niko muuzishaji, hapana mama mukwe! Alinunua. Chakula cha kununua ni cha soko."

Watu wakanong'ona kwamba hiyo ni kweli. Mama Émérence akafikiri, na unajua mtu wa aina yake akifikiri. Akauelekea ukuta uleule, akasema sawa, vya kununua ni vya soko. Na matabishi je? Matabishi hainunuliwi. Matabishi ni zawadi ya mkono wa mtu, na mkono ule ni wa mama mkwe. Alikula matabishi au hakula?

Hata Mama Kibibi aliweka sahani chini, yaya. Niliomba Mungu, na sikuwa naomba tena nilichokiomba asubuhi.

Adrien akasema kwa sauti ndogo, "Sijaila hata moja, tantine."

Akaulizwa nani aliila. Hakutaka kusema. Shangazi akamkazia macho mpaka akasema: mzee Ambroise, mlinzi wa bohari, anakesha na tumbo tupu. Ukimnunulia chakula anakataa, anasema yeye si ombaomba. Lakini matabishi anapokea, kwa kuwa hakuna aliyeilipia, kwa hiyo hana deni na mtu.

Mama Émérence akakaa, kiti kikalia, akaanza kucheka mpaka kilemba kikamwangukia mapajani. Alisema basi moto haujavunjwa, ila kijana ametazama uso wa mama mkwe mbele ya mashahidi, na kwa hilo atatoa kuku jike. Kisha akavuta sahani ya vitumbua kwake na hakuiachia tena. Aliuliza tunatia sukari ya wapi katika vita hivi. Baba akamwambia ni siri ya nyumba, akitaka kuijua aharakishe harusi.

Tulipokuwa tunaosha vyungu nilimwuliza mama alijua tangu lini. Alisema tangu asubuhi ya kwanza. Yeye amemtazama Adrien kila Jumapili kupitia dirisha la jikoni. Adrien ndiye ambaye hakuwahi kumtazama. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasugua chungu kwanza. Kisha akasema aliniona tangu mwanzo kwamba nimesema ndiyo kwa mdomo tu. Kama angesema "Adrien ni mtu mwema", ningejibu "ndiyo, mama" na kuendelea kunyauka. Kwa hiyo aliniletea mtu bila jina, kidogo kidogo, kila jioni, kama vitumbua, aone kama nitampenda. Yaya, nilikumbatia mgongo wake na mikono yangu yenye povu jeusi, naye akanifukuza kwa sababu ya blauzi.

Lakini kabla ya hapo niliwasindikiza wageni mpaka barabarani na vikapu vitupu. Adrien alibaki nyuma kidogo, na mimi pia. Kwa mara ya kwanza sikupanga sentensi kichwani. Nilimwuliza kwa nini Jumapili anakaa kama sanamu, na sokoni anachekesha hata wanajeshi. Alisema shangazi alimwonya kwamba mchumba anayesema sana anashuka thamani. Tena aliogopa kwamba mimi, niliyesoma kwa masista, nitacheka Kifaransa chake. Na zaidi ya yote alidhani nimelazimishwa, kwa hiyo alikuwa ananiachia nafasi ya kukataa. Nilisimama katikati ya njia na vikapu vyangu. Tulicheka pamoja mpaka shangazi akageuka na kutuuliza kama tunataka kumalizia mazungumzo yote leo, tutabaki na nini cha kusema tukiwa wazee.

Harusi ni baada ya Pasaka, treni zikikubali. Njoo, yaya, na usinunue kitu. Kama mkono wako una nafasi, nisukie mkeka kama ule wako wenye ukingo mweusi.

Baba anakusalimu na kumwomba shemeji Symphorien amwekee tumbaku. Mama anasema watoto wavae viatu, mvua imeleta funza. Mama Kibibi hakujui, lakini anakusalimu kuliko wote. Mimi nakubusu wewe na kila mmoja wa nyumba yako, na nakuambia hili uwe wa kwanza kulijua: nimekubali. Safari hii ni mimi mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Colette